Mtoto anakimbia, ndege anaruka: pesa iende kwenye bodi au kwenye lenzi?

Swali: Nina Canon ya zamani yenye kioo, lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, na EF-S 55-250 IS STM niliyoinunua baadaye. Napiga picha kwa kujifurahisha tu. Mwanangu wa miaka tisa anacheza mpira, na wikiendi napenda kufuata ndege. Nataka kuhamia kwenye kamera isiyo na kioo. Nimesoma habari za Canon R10 na R7, Sony a6700, Nikon Z50II na Fujifilm X-T5 mpaka kichwa kinauma. Rafiki yangu ananiambia bila fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa, napoteza muda. Na kila kampuni inasema fokasi yake inashika jicho na haliachii. Je, pesa nyingi niiweke kwenye bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, au kwenye lenzi? Na hii fokasi ya kufuatilia itanisaidia kweli? Kwa sasa, katika picha kumi za mpira napata mbili za maana.

Jibu: Nianze na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Kwa kazi hizo mbili na kwa lenzi ulizo nazo, mimi ningechukua Canon R10 pamoja na adapta ya EF-EOS R inayofunga lenzi zako za zamani kwenye bodi mpya, nikaendelea kutumia 55-250 kwa miezi kadhaa, kisha pesa iliyobaki ikaenda kwenye lenzi ya RF 100-400 f/5.6-8 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo). Sisemi R10 ndiyo bora kuliko zote ulizotaja. Nyingine zinaizidi kwa hili na lile, na nitayataja. Lakini sehemu kubwa ya zile picha nane unazokosa haitokani na bodi. Na kile ambacho bodi inatoa kweli, yaani fokasi ya kufuatilia, siku hizi kamera ya daraja la kati inakupa karibu sawa na kamera ya wanaolipwa kupiga picha.

Kwanza tuelewe kioo kinapoondoka kinaondoka na nini. Kwenye kamera yako ya sasa mwanga unagonga kioo, sehemu yake inashushwa chini kwenye sensa ndogo ya pekee ambayo kazi yake ni kupima fokasi tu. Sensa inayopiga picha iko kwingine kabisa. Njia hizo mbili zikitofautiana hata kwa unywele, fokasi inakwenda mbele au nyuma ya shabaha kila mara, na ndiyo maana kamera nyingi za aina hiyo zina sehemu ya menyu ya kusahihisha lenzi moja moja. Tena kioo kinapopanda ili picha ipigwe, fokasi inakuwa kipofu kwa muda huo. Na nukta za kupimia zimerundikana katikati ya fremu. Mchezaji akihamia pembeni, amekuacha.

Kamera isiyo na kioo inapimia fokasi palepale picha inapotokea. Canon walifungua njia hiyo kwa upande wao mwaka 2013 na EOS 70D, kamera iliyokuwa bado na kioo lakini sensa yake ilikuwa na pikseli zilizogawanywa nusu mbili. Nusu moja inaona mwanga uliopita upande wa kushoto wa lenzi, nusu nyingine ule wa kulia. Kama shabaha iko kwenye fokasi, picha hizo mbili zinalingana. Kama haiko, zinaachana, na mwachano huo unaiambia kamera mambo mawili kwa mpigo: lenzi isogee upande gani, na isogee kiasi gani. Kabla ya hapo kamera nyingi zisizo na kioo zilikuwa zinapapasa: lenzi inasogea, inapita, inarudi, mpaka picha iwe kali. Panasonic walibaki na namna hiyo ya pili hadi S5 II ya mwaka 2023, kwa hiyo ukishawishiwa kununua Panasonic iliyotumika kwa ajili ya michezo, angalia ni ya kabla au baada ya hapo.

Sasa hii "kufuatilia" inayopigiwa debe ni kazi tatu tofauti zilizofungwa pamoja, na ukizitenganisha utajua nani wa kulaumiwa picha ikiharibika. Kazi ya kwanza ni kutambua: programu iliyofunzwa kwa picha nyingi inasema hiki ni kichwa cha mtu, hili ni jicho la ndege. Ya pili ni kupima umbali, ndiyo hiyo ya pikseli zilizogawanywa. Ya tatu ni kubashiri shabaha itakuwa wapi shata, yaani pazia la kamera, itakapofunguka, na kuisukuma lenzi ifike huko kwa wakati. Matangazo yote yanazungumzia kazi ya kwanza, kwa sababu ile fremu ndogo inayorukaruka kwenye jicho inapendeza kwenye video. Picha nyingi zinafia kwenye kazi ya tatu.

Chukua mwanao. Yuko mita 15, anakimbia kukujia, lenzi iko kwenye milimita 250 na f/5.6. Kwa sensa ya APS-C, ile ndogo kuliko fulu fremu kama ya R10, eneo linaloonekana kali hapo lina kina cha sentimita 75 hivi. Mtoto anayekwenda mita 5 kwa sekunde, kamera ikipiga fremu 15 kwa sekunde, anasogea kama sentimita 33 kati ya fremu moja na nyingine. Hapo kuna nafasi ya kutosha. Fokasi ikichelewa fremu moja bado uso unasomeka. Sasa mwache aendelee kuja mpaka mita 5, lenzi ikiwa vilevile. Kina kile kimeshuka hadi sentimita 8 au 9, kasi yake ni ileile, na kipande cha kioo ndani ya lenzi kinatakiwa kusogea karibu mara tisa ya kasi ya mwanzo ili kumkimbiza. Kamera inamtambua vizuri sana, fremu iko juu ya jicho lake, na picha imetoka na masikio makali na pua yenye ukungu. Hapo lenzi ndiyo iliyoshindwa kufika.

Ndiyo sababu huwa nauliza watu kwanza kuhusu mota ya lenzi, megapikseli baadaye. Lenzi zilizotengenezwa kwa kamera zisizo na kioo mara nyingi zina kundi dogo jepesi la vioo linalosukumwa na mota ya mstari au ya hatua, hazina sauti na zinaanza na kusimama ghafla bila kuyumba. Lenzi za zamani zenye mota ya kawaida inayonguruma, zinazohamisha vioo vizito vya mbele, zitakuvunja moyo hata ukizifunga kwenye bodi ya gharama kubwa kiasi gani. Bahati yako ni kwamba 55-250 STM uliyo nayo ni ya hatua. Si ya haraka kama lenzi kubwa za michezo, ila inaitikia vizuri, na kwenye sensa ya APS-C ni kali kupita umbo lake la plastiki. Usiidharau kwa sababu ni nyepesi.

Na adapta isikutie wasiwasi. Kamera za EOS zenye kioo zina milimita 44 kati ya mdomo wa lenzi na sensa; hizi za RF zina milimita 20. Adapta ni mrija wa milimita 24 zilizobaki, hauna kioo chochote ndani, una nyaya za kupitisha mawasiliano tu. Ubora wa picha haupungui, na fokasi inafanya kazi kama lenzi ni mwenyeji. Wenye Nikon hawana raha hiyo yote: adapta yao ya FTZ haina mota, hivyo lenzi za zamani zilizokuwa zikizungushwa na mota iliyomo ndani ya kamera zinabaki za kufokasi kwa mkono.

Tuje kwenye R10 na R7, maana najua hapo ndipo utakapokwama. Zilitangazwa pamoja mwaka 2022, zina prosesa ya jina moja, zinatambua watu, mbwa, paka, ndege na magari, na zote zinapiga fremu 15 kwa sekunde kwa shata ya kawaida. R7 ina megapikseli 32.5, sensa inayotulizwa dhidi ya mtikisiko wa mkono, na nafasi mbili za kadi. R10 ina megapikseli 24, haina utulivu wa sensa, ina nafasi moja ya kadi, na ina gramu 429 pamoja na betri na kadi, wakati R7 ina 612. Wapiga ndege wengi wanakimbilia R7 kwa ajili ya megapikseli, wakidhani ndege ataongezeka ukubwa. Piga hesabu: kutoka 24 hadi 32.5 ndege anaongezeka pikseli asilimia 16 tu kwa upana. Kutoka milimita 250 kwenda 400 anaongezeka asilimia 60. Tofauti ya gharama ya bodi hizo mbili ikiingia kwenye lenzi, ndege ananufaika zaidi, na wala hakuna ubishi hapo.

Utulivu wa sensa nao unasifiwa kuliko unavyostahili kwa kazi yako. Unazuia mtikisiko wa mkono wako. Haumzuii mtoto kukimbia. Ukishapiga kwa 1/1000 ya sekunde, mkono si tatizo tena, na isitoshe lenzi zako zina utulivu wake ndani. Ungekuwa unapiga majengo usiku bila miguu mitatu, ningekuambia kitu kingine.

Ningekushauri R7 kwa hali moja: kama unapiga RAW (faili ghafi, kubwa, za kuhariri baadaye) kwa mfululizo mrefu. R10 ikipiga RAW kwa kasi yake ya juu inajaa baada ya sekunde chache, kisha inakokota miguu huku tukio linaendelea. Kwa mtu anayejua kubonyeza vipande vifupi vifupi, fremu tano hapa, fremu sita pale, hilo halitaonekana. Kwa anayeshikilia kitufe kuanzia mtoto anapopewa pasi hadi goli, litamkera kila mchezo.

Huyo rafiki yako wa fulu fremu ana haki kwa picha fulani. Sensa ya milimita 36 kwa 24 ina eneo la mara mbili na nusu hivi ya sensa ya R10, inakusanya mwanga mwingi zaidi, na kwenye ukumbi wenye giza chenga, vile vinukta vinavyochafua picha, zinapungua waziwazi. Lakini faida hiyo inapatikana ukiijaza fremu. Ndege aliye mbali haijazi. Ukimpiga kwa lenzi ileile kutoka sehemu ileile, mwanga unaomgusa ndege ni uleule na ukubwa wa umbo lake juu ya sensa ni uleule. Fulu fremu inakuongezea mbingu na matawi pembeni, ambayo utayakata baadaye. Ili urudishe ukubwa uliokuwa nao kwa milimita 400 kwenye APS-C, unahitaji 600 na zaidi, na lenzi za namna hiyo ni mzigo: Sony 200-600 ina zaidi ya kilo mbili, Nikon 180-600 inakaribia kilo mbili. RF 100-400 ina gramu 635. Tena hizo lenzi zako za EF-S ukizifunga kwenye bodi ya fulu fremu kama R8, kamera itakata picha ibaki na sehemu ya katikati, na megapikseli 24 zitashuka hadi tisa na kidogo. Utakuwa umelipia sensa kubwa ili utumie ndogo.

Sasa hizo nyingine, kwa haki zake. Sony a6700 nadhani ndiyo yenye ufuatiliaji ninaouamini zaidi katika kundi hili pale wachezaji wanapokatizana. Ikimshika mtu inashikilia, akipita mwingine mbele haibabaiki. Ina lenzi nyingi kuliko wote, zikiwemo za Sigma na Tamron, na ile 70-350 yake ya gramu 625 ingekutosha kwa mpira na ndege bila kubadilisha. Utasikia kwamba Sony inazibana lenzi za kampuni nyingine zisizidi fremu 15 kwa sekunde. Ni kweli, ila a6700 yenyewe inaishia 11, hivyo halikuhusu. Ungekuwa unaanza bila lenzi hata moja, jibu langu lingekuwa hili. Nikon Z50II ina sensa ya zamani kidogo ya megapikseli karibu 21, lakini imepewa prosesa ya kizazi cha Z8 na Z9, na inakuruhusu kuchagua aina ya shabaha moja moja, ndege wakiwa na nafasi yao wenyewe. Mshiko wake ni mzuri kwa mkono mkubwa. Fujifilm X-T5 ndiyo ninayoipenda kwa kutembea nayo, vile vitufe vya kuzungusha na zile rangi zake, na megapikseli 40 za kukatia utakavyo. Ila kwa kitu kinachokimbia bila mpangilio naiweka nyuma ya hizo tatu, na sioni sababu ya kukuficha hilo.

Hukuitaja OM-1 ya OM System, na wapiga ndege wangenilaumu nikiiacha. Sensa yake ni ndogo zaidi, milimita 17.3 kwa 13, na ndiyo maana lenzi zake ndefu ni nyepesi. Sensa hiyo inasomwa haraka sana, jambo linalonileta kwenye mtego mmoja unaopaswa kuujua.

Kwenye maelezo ya R10 utaona inaweza kupiga fremu 23 kwa sekunde kwa shata ya kielektroniki, na R7 fremu 30, tena kimyakimya. Usivutwe. Shata ya kielektroniki inasoma sensa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na kwenye sensa za kawaida usomaji huo unachukua muda wa kutosha kwa mguu unaopiga mpira kupinda na mbawa za ndege kuonekana kama za mpira uliolainika. Nikon Z9 ya mwaka 2021 ilithubutu kuondoa kabisa shata ya kawaida kwa sababu sensa yake inasomwa kwa takriban 1/270 ya sekunde. Sony A9 III, iliyotangazwa mwishoni mwa 2023, inasoma pikseli zote kwa wakati mmoja na tatizo halipo tena. Hizo ni kamera za daraja jingine. Kwenye R10, mpira upige kwa shata ya kawaida, na ile ya kimya iwekee ndege aliyetulia kwenye tawi.

Turudi kwenye zile picha mbili kati ya kumi. Kabla hujanunua chochote, fungua picha za mchezo wa mwisho kwenye kompyuta, zikuze hadi asilimia mia moja, na usiangalie uso wa mwanao. Angalia nyasi. Kama kuna ukanda wa nyasi ulio mkali mbele yake au nyuma yake na yeye ana ukungu, fokasi imekosa. Kama hakuna kitu kikali popote na kila kitu kina mkwaruzo wa upande mmoja, ni mkono wako. Kama nyasi za miguuni pake ni kali, kiwiliwili kinakubalika, ila miguu na mikono imevutika, fokasi ilikuwa sahihi kabisa na shata ilikuwa ya polepole. Wengi wanaoniletea malalamiko ya fokasi huwa na hiyo ya tatu. Kamera ilikuwa kwenye otomatiki, jua lilikuwa linashuka, ikachagua 1/250 kwa kuogopa kupandisha ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga, ambao ukipanda unaleta chenga). Kwa mpira wa watoto shata isiwe chini ya 1/800, na 1/1000 ni bora. Ndege anayeruka anataka 1/2000, wadogo wanaopigapiga mbawa wanataka zaidi ya hapo.

Kulipia kasi hiyo kunahitaji mwanga, na hapa ndipo namba ya f inapoanza kuuma. Mchezo wa jioni unaotaka ISO 1000 kwa f/2.8 utataka ISO 5000 kwa f/6.3. RF 100-400 ikivutwa mwisho iko f/8, nusu ya mwanga wa 55-250 yako iliyo f/5.6. Kwa hiyo usiiuze ile ya zamani ukipata mpya: ndege wa asubuhi jua likishapanda wapige kwa 100-400, mpira wa jioni upige kwa 55-250. Chenga programu za kuhariri zinazisafisha vizuri siku hizi. Mguu uliovutika hakuna programu ya kuunyoosha.

Kamera ikifika, fokasi iweke kwenye Servo, si ile inayofunga mara moja, na utambuzi uwe wa watu ukienda uwanjani, wa wanyama ukiwafuata ndege. Watu wengi wanasahau kubadilisha hili, kisha wanashangaa kamera inatafuta uso wa mtu kwenye majani. Usiiachie kamera fremu nzima ijichagulie. Uwanjani kuna nyuso ishirini na kitu, na itachukua iliyo karibu au kubwa zaidi. Chagua nukta ya kuanzia, iweke juu ya mwanao, bonyeza nusu, ukiona imemshika ndipo ufuatiliaji uendelee naye popote aendako kwenye fremu. Kwenye menyu ya Servo kuna mipangilio ya namba. Wa pili umekusudiwa kuendelea na shabaha hata kitu kikipita mbele, na kwa mpira ndio ninaoanza nao. Wa tatu ni kinyume chake, unarukia haraka chochote kinachoingia. Huo usiuguse uwanjani.

Nakuomba pia uhamishe fokasi kutoka kitufe cha shata kwenda kwenye kitufe cha nyuma cha AF-ON, kibonyezwe na kidole gumba. Mara ya kwanza utaichukia. Lakini ukiwa na ndege, gumba likibonyeza unamfuata, gumba likiachia fokasi inasimama ilipo na unaweza kupiga huku tawi likipita mbele bila lenzi kulikimbilia.

Kuna jambo moja kuhusu ndege ambalo hakuna tangazo linalolisema. Fokasi hii yote ya kisasa inaona vibaya pale picha ilipotoka mbali sana na fokasi. Ndege mdogo angani akiwa ni doa la ukungu, programu haina cha kutambua na pikseli hazina mistari ya kulinganisha, basi lenzi inakimbilia mawingu au miti ya nyuma na kubaki huko. Kabla hajaruka, ifokasi lenzi kwenye kitu kilicho umbali kama wake, jiwe, ukingo wa maji, mti wa jirani, kisha mwelekee. Akiingia kwenye fremu akiwa na umbo, hata kama halijawa kali, kamera inamdaka mara moja. Na ikigoma kushika kitu chenye mistari ya kulala tu, kama waya ambao ndege ameutulia, pindisha kamera kidogo kisha ujaribu tena. Pikseli zile zinalinganisha kushoto na kulia, mistari ya kulala haiwapi tofauti yoyote ya kusoma.

Kama unaweza kuazima R10 kwa siku moja kabla ya kulipa, fanya jaribio hili: mwanao akimbie kukujia kutoka mita 20 hadi 4, mara kadhaa, shata 1/1000, ukitumia 55-250 yako kwa adapta. Zihesabu zilizo kali kuanzia mwanzo hadi mita 8 peke yake, na za kuanzia mita 8 kuja karibu peke yake. Kundi la kwanza likiwa zuri na la pili baya, unajua lenzi imefika mwisho wa uwezo wake, na dawa ni kusimama mbali zaidi na mstari. Makundi yote mawili yakiwa mabaya, angalia upya mipangilio kabla hujailaumu kamera.

Ile 18-55 itafanya kazi kwa adapta ileile, kwa hiyo nunua bodi tupu kama inapatikana. Na kadi uliyo nayo, kama ni ya miaka ileile ya kamera ya zamani, ibadilishe uchukue ya UHS-II, aina ya kadi yenye kasi zaidi. R10 inaikubali, na ndiyo inayoamua utasubiri muda gani mfululizo ukishajaa.